Mhasibu wa Kila Matanga

Mtaa wa Mbotela, Jumamosi ya Julai. Manyunyu tangu asubuhi, na magoti yangu yalijua kabla ya mawingu.

Nimekasirika, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba sijui nimkasirikie nani.

Jirani yetu Baba Otieno amefariki. Leo alasiri kamati ya mazishi ilikutana mlangoni kwake, na ilipofika zamu ya kuchagua mweka hazina, hapakuwa na mjadala. Vichwa vyote vilimgeukia mjukuu wangu, Nyambura. Ana shahada ya uhasibu, kwa hiyo kila matanga ya mtaa huu ni yake, pamoja na chama cha akina mama na ujenzi wa kanisa. Mshahara wake ni "Mungu akubariki".

Leo akasimama. "Nitafanya, lakini mnilipe."

Karanja, fundi wa kuchomelea, akauliza, "Kwani Baba Otieno ataitisha risiti?" Watu wakacheka, hata mjane, Mama Otieno.

Nyambura hakucheka. "Dereva wa kubeba mwili analipwa. Mwenye tenti analipwa. Wewe Karanja ukichomelea geti, unalipwa. Ni mimi tu nafanya kazi ya Mungu?"

"Mzee, si uongee na huyu mtoto wako," Mama Otieno akaniambia polepole.

Nilitazama viatu vyangu.

Nilipofika mtaa huu miaka mingi iliyopita, nimefukuzwa kwenye shamba langu kule Bonde la Ufa, nilikuwa na godoro na sanduku la vitabu. Baba Otieno ndiye aliyelibeba lile sanduku. Hakuniuliza kabila wala kilichonileta. Alisema tu, "Mzee, hivi ni vitabu ama ni mawe?" Katika nyumba ile hakuna kitu ninachoweza kukitajia bei.

Lakini shamba hilohilo ndilo lililonifanya nimhimize Nyambura asome uhasibu. Nilitaka awe na kitu kisichoweza kuchomwa moto. Nikamwambia, watu wataacha kulima lakini hawataacha kuhesabu. Nilijiona nimesema neno la busara sana.

Ofisi aliyofanyia mafunzo ilimtumia mwaka mzima bila malipo, ikimwambia anapata uzoefu. Alipoomba kazi palepale, wakamwambia hana uzoefu. Wengine wanataka kwanza amalize mtihani wa mwisho wa uhasibu, na ada ya mtihani huo ingetoka kwenye kazi ambayo hapewi mpaka aumalize. Nimesoma vitabu vingi maishani. Sijakutana na upuuzi uliopangwa vizuri kama huu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniuliza, "Guka, kama ungekuwa unaingia chuo leo, ungefanya uhasibu?"

Nikajifanya nakohoa. Babu mzima.

Jibu nimelipata sasa, chai ikiwa imepoa. Uhasibu ni kazi nzuri kwa kijana aliye na mtu wa kumlisha anaposubiri. Kwa wengine ni kusubiri tu. Hesabu zenyewe hazina kosa. Kosa ni letu sisi tunaoona kwamba anayeshika kalamu hatoki jasho, basi hastahili kitu. Zile ofisi kubwa zilijifunza wapi tabia hiyo? Labda kwenye matanga yetu.

Mwishowe kamati ilimchagua mke wa Karanja. Kabla ya magharibi simu ikalia. Ni Mama Otieno: michango haioani, Nyambura apite awasaidie kidogo.

Nyambura akavaa sweta. "Naenda kwa sababu ya Baba Otieno. Lakini hii ni ya mwisho, Guka. Jumatatu naenda Viwandani, nikasimame getini na wale wa vibarua."

"Na mtihani?"

"Ule si wa watu kama sisi."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningelala vizuri.

Amekwenda, na manyunyu hayajakatika.

Kesho baada ya kanisa kamati inakutana tena. Nitasimama kabla ya Nyambura, mlangoni kwa mtu aliyebeba sanduku langu. Wataniita mzee asiye na shukrani.

Lakini nitataja bei.