Aliyekuja Kuisoma Nafasi ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, wewe na wifi na hao watoto wanaojua kuniita shangazi pale tu wanapotaka kitu. Mgongo wako unaendeleaje? Au bado unajitia ujana wa kubeba magunia ghalani huku vijana wamesimama wanakutazama? Mimi mwili hauna neno. Baba naye ni mzima, anakula, anatembea. Nimelisema hilo mapema usije ukadhani ninakuletea habari ya msiba. Si msiba, ingawa tangu Jumamosi ninatembea kama mtu aliyetoka kuzika.

Ile tamthilia yangu nimeimaliza. Najua ulicheka. Ulisema mtu aliyezoea kuwararua wakubwa magazetini hawezi kukaa kimya hata wahusika wake wapate zamu ya kusema. Hukukosea, wote wanahutubia, hata mfagizi. Lakini onyesho la mwisho nililiandika huku nalia. Ni siku ile ya baba kiwandani.

Mimi na wewe tumelelewa na siku ile. Mashine ya sabuni iliyong'oka kifuniko, bosi anajua na hatengenezi, hadi ikamkata mkono mwenzake baba wa zamu moja. Kisha bosi akawaita wafanyakazi ofisini, mmoja mmoja, waseme yule mtu alikuwa amelewa, asilipwe hata senti. Na baba akavua aproni, akaiweka juu ya meza ya bosi, akasema mdomo wake haununuliwi, akatoka. Kwa ajili ya aproni ile tulilala na njaa. Kwa ajili yake wewe uliacha shule ukaenda kubeba magunia, na hukuwahi kunung'unika. Kila nilipogombana na waziri, mhariri au mwenye nyumba, nilikuwa ninaiweka aproni ile mezani tena.

Basi Jumamosi tukafanya usaili wa waigizaji. Walimu walituazima darasa, tukasukuma madawati ukutani. Nilikuwa na rafiki yangu msusi, ambaye ndiye mwongozaji kwa kuwa kati yetu ni yeye mwenye subira. Utaratibu niliuweka mimi. Kila aliyetaka nafasi ya baba alipewa ukurasa uleule, hotuba ya aproni, na akilegea nilimkatiza palepale aanze upya, kwa hasira.

Tuliona mambo. Seremala mmoja aliisoma hotuba kama anayesoma matangazo ya kukatika umeme. Mwalimu mstaafu aliniambia hajawahi kumsikia mfanyakazi wa sabuni akisema sentensi ndefu namna ile mbele ya bosi. Nikamjibu kwamba hiyo ni dharau ya waliokaa vitini kwa waliosimama kwenye mashine, tukakwaruzana mpaka msusi akatutuliza kwa maji ya kunywa. Halafu akaja muuza nyama wa sokoni. Huyo bwana alinguruma hadi vioo vikatetema. Msusi akaninong'oneza kwamba kwa nafasi ya bosi itabidi atafutwe mtu asiye na ugonjwa wa moyo.

Niliponyanyua uso kumwita anayefuata, nikamwona baba.

Alikuwa amepiga pasi shati lake jeupe. Kumbe alijiandikisha mlangoni kama wengine na kungoja zamu yake kwenye benchi. Nilidhani amekuja kunitazama, akasema hapana, amekuja kusoma. Darasa zima likachangamka. Muuza nyama akapiga kelele kwamba yeye basi anarudi buchani kwake, mwenye mali amefika. Nami, kaka, nilivimba kifua. Niliwatangazia kuwa huyu ndiye mwenyewe.

Akasoma kwa sauti ndogo, ile ya kuomba chumvi mezani. Nikamkatiza. Akarudia, sauti ileile. Nikamwambia apaze, nikamuuliza hasira iko wapi. Nakuapia, nilikwisha sahau kuwa ni baba. Nilimwona mwigizaji mbovu anayeniharibia onyesho. Nilisimama nikamwonyesha jinsi ya kuvua aproni, mimi, nikamwambia, "Mzee, umeonewa! Mtazame bosi machoni!"

Hapo akaishusha karatasi. Akasema kwa upole, "Sikuyasema haya, mwanangu."

Watu wakacheka, wakidhani anatania. Yeye akaikunja mikono mbele ya tumbo, akainamisha kichwa mbele ya meza ya mwalimu isiyo na mtu, akasema, "Ndiyo, bosi. Alikuwa amelewa. Hata mimi nilimnusa." Kisha akaongeza, "Ahsante, bosi," akarudi nyuma hatua kadhaa bila kugeuka, kama mtu anayetoka mahali anapoogopa kuonyesha mgongo.

Kaka, walimpigia makofi. Darasa zima. Mwalimu mstaafu alisimama kabisa. Msusi aliyafuta macho, akanishika mkono na kusema tumempata mtu wetu, tutupe hotuba ile, tuchukue hii. Na baba amesimama pale katikati ya makofi, anawatazama mmoja mmoja kama anayengoja angalau mmoja wao amtukane.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani alinieleza yaliyobaki, na ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. Ofisini alisema vile ulivyosoma hapo juu, neno kwa neno. Yule mwenzake hakulipwa. Baada ya miezi michache bosi aliwafukuza wote aliowaita, kwa sababu waliosema uongo kwa ajili yake walikuwa ndio wanaoujua ukweli. Na aproni ni ya mama. Mama aliitunga wewe ulipolazimika kuacha shule, maana alisema mtoto hawezi kubebeshwa magunia bila kupewa sababu. Alimwapisha baba asiivunje. Kwa hiyo mtunzi wa kwanza wa tamthilia nyumbani kwetu si mimi.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia chumbani, tukiwa wawili. Akasema amejaribu tangu mama afariki, lakini kila akianza ninamaliza mimi, na ninamaliza vizuri kuliko yeye. Akaona huko kwenye usaili angalau kila mtu anapewa zamu.

Tulipofika mlangoni akaniuliza, kama mtoto, kama amepata nafasi. Ningeweza kumkumbatia. Ningeweza kusema lolote kati ya maneno yote niliyosoma na kuandika maisha yangu yote. Nilimwambia hapana, hafanani na mhusika. Akaitikia kwa kichwa, akasema anajua, akaingia chumbani kuvua shati.

Muuza nyama anafanya mazoezi. Ananguruma vizuri. Msusi haongei nami. Baba ananiamkia kila asubuhi kama mpangaji anayemwamkia mwenye nyumba, na kikombe chake anakiosha mwenyewe.

Hakuniomba nikufiche wala nikwambie. Lakini magunia uliyabeba wewe, si mimi, na ukiamua kukasirika haki hiyo ni yako. Kasirika ukiwa hapa. Omba ruhusa, njoo, ukae naye, umwache aanze na umwache amalize. Mimi alipokuja mbele yangu nilimwambia apaze sauti.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa alichonitumia nimekipata. Wabusu watoto, na wakikuuliza habari za babu yao waambie yupo, anawangoja.

Ni mimi mdogo wako,
anayekuhitaji.