Chai ya Mgeni

Jumamosi, 17 Julai 2021

Guma mu rugo imeanza leo, ya tatu kwa Kigali. Kila mtu abaki kwake, kazi zisimame, maduka yafungwe isipokuwa ya chakula. Huku kwetu Biryogo kimya. Asubuhi nilihisi kuna kitu kimepungua, nikajiuliza ni nini. Cherehani! Jirani yangu Usumani hushonea ng'ambo ya njia, barazani kwa Hajji mwenye duka la vitambaa, na huanza mara tu baada ya sala ya alfajiri. Jana jioni aliirudisha nyumbani: kichwa cha cherehani begani, meza yake wakaiburuta mkewe na watoto.

Na Idi ni Jumanne. Fundi wa huku hulipwa nguo inapochukuliwa. Kazi imekwisha, nguo zimepigwa pasi, zinaning'inia. Nani atatoka kuja kuzichukua?

Nilimuuliza dirishani hali gani. "Ntakibazo, Mwalimu." Hakuna shida. Ndilo jibu lake tangu nimjue.

Jumatatu, 19 Julai

Redio: serikali itagawa chakula kwa wanaoishi kwa kazi ya siku kwa siku. Jambo jema. Niieleze njia yake, ingawa hapa hasomi mtu ila mimi. Ugonjwa wa ualimu hauna chanjo, hata baada ya kustaafu.

Nyumba chache zinazopakana ni isibo. Isibo kadhaa ni mtaa. Kiongozi wa isibo hupita mlango kwa mlango, hutazama, huuliza, na aliyoyaona ndiyo yanayopanda juu. Wetu ni Gakwaya, fundi magari wa Gikondo. Kazi hii halipwi, na gereji nayo imefungwa. Mtu wa haki. Ila anaamini macho yake kuliko kitu chochote – tabia ya gereji.

Jumanne, 20 Julai. Idi.

Tumeswali majumbani. Gakwaya alipita leo hii hii! Yeye ni Mkristo, hakufikiria. Kwa Usumani aliingizwa ndani kama mgeni wa Idi: kiti kizuri, na mukaru, ile chai yetu ya rangi yenye tangawizi na limau. Sukari juu ya meza. Watoto wamevaa nguo mpya, na Kaze, binti yao mdogo, gauni la rangi tatu limemkaa kama la dukani.

Kupitia ukuta nilisikia Gakwaya akicheka: "Eh, fundi, hapa ni harusi!" Kisha akauliza kama chakula kipo. Usumani akamjibu: "Tunamshukuru Mungu. Ongeza sukari."

Alhamisi, 22 Julai

Lori limekuja. Mchele, unga wa mahindi, maharage. Waliitwa madereva wa pikipiki, wabeba mizigo, akina mama wa mboga. Usumani hakuitwa. Akasaidia kushusha magunia ya wenzake, kisha akarudi kwake na unga kwenye nywele. Mmoja akamtania: "Fundi, jikung'ute upike!" Wakacheka. Naye akacheka.

Jioni mkewe Mukunde alikuja ukutani. Sukari ile ilikuwa ya mwisho. Nguo za watoto ni vipande vinavyobaki kwenye vitambaa vya wateja – mtoto wa fundi hakosi gauni hata akikosa ugali. Nikamuuliza mbona hawakusema. "Mwalimu, nimwambie mgeni tuna njaa, siku ya Idi, na kikombe kiko mkononi mwake?"

 

Kisha akaniambia lililomleta. Usumani amezungumza kwa simu na mtu wa Kabuga. Barabara zikifunguliwa tu, anakuja kuinunua cherehani. Watakula, ndiyo. Na baada ya hapo? Fundi asiye na cherehani hupiga pasi nguo zilizoshonwa na wenziwe.

Ijumaa, 23 Julai

Nimewapelekea bakuli la maharage makavu. Kwetu bakuli halirudi tupu. Alasiri limerudi: nusu ya maharage yangu, yameiva, yana kitunguu juu. Sitapeleka tena. Msaada wangu unawamalizia makaa.

Jumamosi, 24 Julai

Nimemwita Gakwaya dirishani, barakoa usoni, yeye nje mimi ndani. Nikamweleza. Akakataa: "Mwalimu, sukari nimeiona na macho yangu mbili! Na cherehani iko. Kuna mtu kule juu hana hata jiko."

Nikamwambia taratibu. Sukari ya mezani haipimi nyumba, inapima heshima ya mgeni. Na cherehani haimlishi mtu aliyefungiwa kwake. Nikamuuliza mama yake alikuwa akifanya nini padri akija. Akacheka peke yake. Mama yake alichinja kuku wao wa pekee. "Na sisi tukalala njaa, tunanuka mchuzi."

Basi akalegea. Walioachwa wataandikwa Jumatatu, lakini malalamiko yalikuwa mengi, kwa hiyo kuna sharti: mwenye nyumba aseme mwenyewe kwamba hana kitu, mbele ya mashahidi wawili. Si mke, si jirani, si mimi.

Nikamshauri: usiingie. Usiketi. Ukiketi umekuwa mgeni, na mgeni haambiwi njaa. Simama nje kama serikali.

"Serikali bila mshahara," akasema, akaenda zake.

Jumapili, 25 Julai

Nimemwambia Mukunde kesho asiinjike chai. Ameshtuka. Mtu aje aondoke na koo kavu? Watasema amelelewa wapi? Usumani naye nimemweleza hatua kwa hatua, kama nilivyokuwa nikifundisha ramani. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru. Hakuuliza hata swali moja. Mwanafunzi wa namna hiyo hunitia wasiwasi.

Jumatatu, 26 Julai

Naandika hapa dirishani, yanapotokea.

Gakwaya amefika na mashahidi, Cyriaque na Alida, majirani wa chini. Wamesimama mlangoni. Usumani ametoka amebeba kiti.

– Karibu uketi.
– Nasimama tu, fundi.
– Miguu yako ina nini?
– Iko sawa.
– Basi keti.
– Siketi. Niko kazini.

Uso wa Usumani umebadilika. Ameuliza, pole pole, tangu lini watu wanasimama mlangoni kwake kama polisi. Siku ya Idi aliketi. Leo nyumba imeingia korona? Alida amecheka, akajizuia. Gakwaya ametupa jicho dirishani kwangu. Nimeinama kwenye daftari.

Nilimweleza Gakwaya kila kitu isipokuwa hili: anayekataa kiti chako amekataa nyumba yako.

Gakwaya amejaribu kwa upole. "Fundi, sema tu. Chakula iko? Tuko watatu, tunasikia." Kiti bado kiko mikononi mwa Usumani, anakisogeza mbele kidogo, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Mukunde ametoka. Amemnyang'anya mumewe kiti. Amekiweka kizingitini – na ameketi yeye! Wageni wamesimama, mume amesimama, yeye ameketi. Sijapata kuona hilo Biryogo. Na amesema kwa sauti ya kufika kwangu: "Hakuna. Jana tulikunywa uji. Leo hata uji hakuna."

Cyriaque anatazama chini. Gakwaya hajaandika kitu. Sharti ni mwenye nyumba. Amemgeukia Usumani, wote wamemgeukia, na Usumani anaitazama mikono yake, ambayo sasa haina hata kiti cha kumpa mgeni.