Waya wa Tatu na Chumba cha Baba

Jumamosi, Buswahili. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Hata mimi niko hivyohivyo.

Nina siku tisa hapa nyumbani. Nilitoka shuleni Makoko mbio baba alipopata kiharusi. Mkuu wa shule akanipa ruhusa nije kumuuguza. Kwenye begi nikaweka nguo mbili, na redio yangu ya ridhaa, ile ninayoongea nayo na watu wa nchi za mbali. Bila antena haisikii kitu, basi siku ya pili nikafunga waya wa kwanza kati ya mikaratusi miwili. Siku ya nne, wa pili, mfupi zaidi, wa masafa mengine.

Leo wa tatu. Kumbe ukiongeza mmoja, vipimo vya wenzake vinavurugika. Nikashusha, nikakata kidogo, nikapandisha. Nikashusha tena. Mikono imechubuka kwa kamba.

Mama akatoka na kikombe cha uji wa baba.

"Wakuru, umekuja kumwona baba yako au kufunga waya?"

"Nakuja mama, nimalize huu tu."

"Hata ule wa pili ulisema huu tu."

Akaniwekea kikombe mkononi, akaenda zake shambani. Hakugeuka.

Niandike ukweli. Waya mmoja ungetosha.

Namwogopa baba. Alikuwaga mpiga mnada wa ng'ombe; akipaza sauti, mnada mzima unamgeukia. Sasa mdomo umekwenda upande, maneno yanatoka yamekatikakatika. Nikiingia namlisha harakaharaka, naitikia "ndiyo baba" kwa kitu ambacho sijakielewa, natoka. Mgeni nisiyemjua, sauti yake imezama kwenye mikwaruzo ya redio, namwambia arudie hata mara kumi na sichoki. Baba yangu sijamwambia arudie hata mara moja. Naona kama nitamwaibisha.

Nikaingia na ule uji. Nikamlisha, nusu ukamwagika kwenye shati, nikafuta. Akasema kitu. "Ndiyo baba" ikanifika mdomoni, nikaimeza.

"Sijasikia baba. Rudia."

Akarudia. Sikuelewa.

"Rudia tena, baba. Polepole."

Akafumba macho, kama mtu anayebeba gunia. Akanyanyua mkono ule ulio mzima, akaonyesha dirishani.

"Wa ka-ti-ka-ti. U-me-le-gea."

Nikatazama. Kweli, waya wa katikati ulikuwa umelegea, umeshuka kama kamba ya kuanikia nguo. Mimi niliyeshinda chini yake sikuuona.

Nilicheka, halafu nikalia, na yeye akawa ananiangalia tu.

Sasa ni jioni, naandika nimekaa pembeni ya kitanda chake. Waya sijaukaza. Ninalowaza ni hili: siku tisa zote alikuwa akiniangalia kupitia dirisha hili. Ni mangapi aliniambia, na mimi nikamjibu ndiyo?