Mama Wayua, Zamu Yako Bondeni

Mwaka umekatika, Mama, tangu ututoke mwisho wa Agosti hapa Huruma, Nairobi. Majirani wa ploti, jengo letu la kupanga, bado wanakutaja kana kwamba umetoka kidogo kwenda sokoni, na sisi wanao, Mutie na Nzisa, hatuwarekebishi.

Ulishona sare za shule Kariobangi tangu tukiwa wadogo. Hakuna mtoto wa jirani aliyeenda darasani na suruali iliyochanika kama wewe uliiona kwanza. Lakini moyo wako uliuacha Kyanzoka, ule mji wetu mdogo wa bondeni, katikati ya milima ya Mbooni. Uliusifu hadi watu wakachoka kusikia, ndipo ukaamua kuwapeleka wajionee. Kila Agosti ulikodi basi, ukalijaza ploti nzima, Baba akashika usukani.

Huko ndiko tulikokuona ukiwa wewe hasa. Ulivua viatu ukavuka mto kwa miguu, daraja lipo. Uliwaamsha watoto wa gorofani mapema waone ukungu ukiteremka mlimani mpaka maduka ya Kyanzoka yapotee yote. Ulimsalimia kila mtu na kumuuliza habari za ukoo wake mzima, kwa hivyo kwenda nawe dukani kulimaliza asubuhi. Truphena wa gorofa ya tatu alikwama katikati ya kilima akauliza, "Mama Mutie, huku ni kwenu ama tunaenda mbinguni?" Ukamjibu, "Panda tu. Mbinguni hakuna avokado kama hizi."

Na hukumwacha mtu nje. Mbuzi wa safari alichinjwa na jirani yetu Mwislamu, Abdiqadir, mume wa Batulo, ili familia zote ziweze kula kutoka sufuria moja. Wazee waliponung'unika kwamba mbuzi huchinjwa na mwenye boma, uliwauliza kama wamekuja kula nyama ama kusikiliza kesi. Wakala.

Ulichojivunia kuliko vyote ni mwethya, ile desturi ya bondeni ya watu kulima pamoja bila malipo, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Uliishi Nairobi, lakini zamu yako hukuikosa. Ulifunika cherehani, ukapanda gari la alfajiri, ukaenda kuinua matuta ya mashamba ya wenzako. Tulikucheka, Mama. Tulisema unajichosha bure.

Ulipoondoka, hofu ilituingia. Mvua za Aprili zilibomoa matuta ya shamba lako, udongo ukaanza kwenda mtoni. Shamba likiisha, tungerudi bondeni kufanya nini? Hapo Nzisa, binti yako, mtoto wa mjini, akafanya kosa la mjini. Alimpigia simu Baba Mdogo Kisilu amtafutie vibarua.

"Vibarua? Kwa shamba la Wayua?" akasema Kisilu. "Mwanangu, neno hilo usilirudie, watu wasije wakakusikia." Kisha akakata simu. Nzisa alilia sana, akidhani ametufungia mlango wa nyumbani.

Batulo alipouliza safari ni lini, Nzisa alimwambia, "Hakuna safari, Mama Hanad. Mwenyewe hayuko."

"Na sisi tuliobaki si watu?" akauliza Batulo. Jioni hiyo hiyo akaanza kuwagongea majirani milango yeye mwenyewe.

Basi tukaenda. Kulikuwa na baridi ya kukata, na tulisikia nyimbo kabla hatujaliona boma. Mama, bonde zima lilikuwa shambani kwako. Matuta ya juu yalikuwa yamekwisha kuinuliwa, na akina mama walikuwa wakishuka na majembe kuanza ya chini. Watu wa Huruma waliteremka wakavua makoti, Abdiqadir akaomba sepetu. Baba alisimama pale langoni akiwatazama. Baadaye akasema, "Kumbe nilioa watu wengi hivi."

Nzisa aliuliza ni nani aliyewaita, maana mwethya huitwa na mwenye shamba, na sisi hatukuwa tumethubutu. Mama Syombua, anayeongoza kikundi, hata hakuinua kichwa. "Mama yako alilima kwetu miaka yote hii," akasema. "Ulidhani tulikuwa tunamtazama tu?" Siku hiyo tulijivuna kuitwa watoto wako, na fahari hiyo haijatutoka.

Jioni kazi ilipokwisha, Mama Syombua alikung'uta jembe lake akatugeukia. "Jumatano tuko kwangu. Zamu ya Wayua inashikwa na nani?"

Mutie alikuwa na kazi ya kurudia, na magoti ya Baba yamechoka. Nzisa hajawahi kulima hata kitalu cha sukuma wiki, na mkoba wake ulikuwa umekwisha kuwekwa ndani ya basi. Aliingia akautoa.

"Mimi," akasema.

Alilima Jumatano, akarudi na malengelenge mikononi, akatuonyesha sote kana kwamba ni cheti. Mwezi ujao anaenda tena.

Unakumbukwa na mumeo Maingi, wanao Mutie na Nzisa, shemeji yako Kisilu, jamaa wote wa Kyanzoka, na majirani zako wa Huruma, ambao nao ni jamaa. Kukusahau hatutaweza kamwe, Mama. Zamu yako ina mtu.