Kompyuta ya Baba Isizimwe

Mama,

Usizime kompyuta. Usiiguse hata kwa upendo. Mbuzi wamekunywa maji.

Asubuhi hii, kwa hekima niliyoipata bwenini, niliondoa mfumo endeshi wa zamani wa kompyuta ya Baba nikaweka ule wa bure, ambao wasaidizi wake ni watu wa kujitolea mtandaoni. Ratiba ya mazishi ya Bibi ipo salama, ila printa haiitiki, na nakala mia mbili zinatakiwa leo jioni.

Niliwaandikia wasaidizi wale. Kama ulivyonilea, niliwaamkia kwanza, nikaulizia watoto, mvua na ng'ombe wao. Mmoja akajibu: "Ng'ombe hatuna, mdogo wangu. Printa yako ni ya aina gani?" Nilisahau kuitaja.

Sasa nimeitaja. Jibu likija hapo kwenye kompyuta, nipigie unisomee neno kwa neno, usiongeze amina. Nimemfuata mwalimu Keoagile, naye hutumia mfumo huohuo.

~~Mwambie Baba umeme ulikatika.~~ Mwambie ni mimi.

Chini ya kitabu cha nyimbo kuna ratiba sita nilizoandika kwa mkono. Jina la Bibi nimelikoleza. Kalamu nimekuachia.

Kitindamimba wako,
Gorata