Kidole Changu Hakikuwa na Kosa

Yaya Wilondja, kaka yangu mkubwa,

Ni wiki ya saba tangu wakuzike kule Albertville ulikohamia, na hii ndiyo barua ya kwanza ninayokuandikia tangu nitoke gerezani. Ulipokuwa hai sikukuandikia kwa sababu ya aibu. Leo nakuandikia kwa sababu ya hasira. Siitii kwenye bahasha. Itakaa juu ya meza ya mama, na yeyote wa ukoo wetu ajuaye kusoma ataisoma, maana jambo hili umekaa nalo peke yako muda mrefu mno.

Unakumbuka uwanja ulio nyuma ya biro ya Fizi, ofisi ya Wabelgiji, pale penye ukingo wa udongo uliotobolewa na risasi? Wewe ulikuwa mtunza silaha wa teritware, yaani wilaya nzima, mwenye funguo za ghala na kisanduku cha tupa na mafuta. Mimi nilikuwa polisi mpya, nimepangwa kumfuata afisa kijana wa Kibelgiji tuliyemwita Bwana Miwani katika safari zake za vijijini. Bastola ilikuwa yake, lakini kuibeba na kuisafisha ilikuwa kazi yangu, naye alitaka nijue kuitumia. Akakuambia unifundishe.

Ulinifundisha siku nyingi bila risasi hata moja. Ulisimamisha ganda tupu la risasi juu ya bastola, karibu na mdomo wake, ukaniambia nibane kifyatulio mpaka nyundo iangukie ndani bila ganda kuanguka. Ganda likaanguka. Likaanguka tena, na tena. Hukucheka. Ulikuja nyuma yangu, ukaweka kidole chako juu ya changu, tukabana pamoja.

"Kwanza iko bule," ulisema. "Kidole inatembea tu. Halafu inagota kwa ukuta. Pale usikimbie, Etabo. Sukuma ile ukuta polepole mpaka ianguke yenyewe. We ukishtuka, na risasi itashtuka."

Kisha ulifungua bastola ukanionyesha jino dogo kama punje ya mtama, linaloshika nyundo isianguke. Tulipoanza kupiga risasi za kweli, kosa langu lilikuwa kuachia kifyatulio kiruke mbele, halafu kukivamia upya. Risasi zangu zilikwenda chini kushoto, moja huku, nyingine kule. Ukanishika mkono. "Rudisha kidole kidogo kidogo," ulisema, "mpaka usikie tik. Ile tik ni kifyatulio inashika jino tena. Ukiisikia, simama pale pale, ndiyo ubane ingine. Bila we kubana, haiwezi kulia."

Nilijifunza. Mwisho wa mwezi ule matundu yangu matano yalikaa karibu karibu hata ukayafunika kwa kiganja. Uliita wenzako waje kuona. Ulisema, "Huyu ni mudogo wangu, tumbo moja." Sijawahi kuambiwa neno lililonifurahisha kuliko hilo. Na maneno yale, kwamba bila mimi kubana haiwezi kulia, niliyaamini kama ninavyoamini kwamba nina mikono miwili.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza nilipewa ruhusa, nikakaa Lubondja karibu mwezi mzima. Niliporudi Fizi bastola nilikabidhiwa na wewe mwenyewe, kwa mikono yako, ikiwa imefungwa katika kitambaa chake. Ulinipa pole ya safari. Uliuliza jina la mtoto. Hukusema kitu kingine.

Siku chache baadaye tuliteremka Baraka na Bwana Miwani. Unajua habari ya mamba aliyekuwa akisumbua kwenye mdomo wa mto, aliyemng'oa mkono mama mmoja akichota maji. Watu walikuwa wamemnasa kwa ndoana na mnyororo, wamemvuta mpaka kwenye matete. Alimasi, yule rafiki yangu tuliyebatizwa naye siku moja, alikuwa mbele kabisa ameshika mnyororo, kwa sababu Alimasi siku zote alikuwa mbele. Bwana Miwani alisema asingechafua viatu vyake. Akaniambia nishuke nimmalize.

Nilisogea. Nililenga nyuma ya jicho. Niligusa kifyatulio nikitafuta ule ukuta wa mafundisho yako, na ukuta haukuwapo. Bastola ililia kabla sijawa tayari. Risasi iliingia shingoni, mamba akajipinda, Alimasi akavutwa mbele yangu. Nilijiambia ni woga. Nikafanya kama ulivyonifundisha, nikarudisha kidole kidogo kidogo, nikisikiliza ile tik, mdomo wa bastola ukiwa bado chini.

Tik haikuja. Ilikuja risasi.

Alimasi hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye matope, akashika goti lake kwa mikono miwili, akaniangalia. Hospitali ya misioni walimkata mguu juu ya goti siku ya tatu.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya mkubwa wa teritware. Bastola ilikuwa mezani. Aliniuliza ilikuwaje risasi ya pili ilie. Yaya, nilikuangalia wewe. Ulikuwa umesimama ukutani na funguo zako kiunoni. Nilifikiri juu ya kila kitu ulichonifundisha, na kwa kuwa ulinifundisha kwamba silaha hailii bila kubanwa, nilijibu, "Ni kidole yangu, Bwana. Nilibana bila kujua." Kisha akakuuliza wewe hali ya silaha.

Ulisema, "Iko muzuri, Bwana. Haina kosa."

Nilikula viboko, nikavuliwa nguo za polisi, nikakaa gerezani Uvira miezi minane. Ulikuja kuniona mara mbili. Ulileta samaki wa ndakala na mboga ya lengalenga iliyopikwa na mke wako, ukakaa kwenye benchi karibu nami, ukaniambia nisijitese, kwamba Mungu anasamehe hata waliokosa kwa mikono yao. Nililia begani kwako. Uliniacha nilie. Ulinipapasa mgongo, wewe, ukijua.

Miaka minne nimelima muhogo Lubondja. Mke wangu anaweza kukuambia nilivyokuwa nikisimama katikati ya shamba, nikibana mpini wa jembe na kuachia, nikibana na kuachia, nikitafuta mahali kidole changu kilipokosea. Mtoto wangu akikimbia kunijia nilikuwa naficha mkono wa kulia nyuma. Baraka sikukanyaga. Nilisikia Alimasi amejifunza kushona nguo kwa cherehani ya mkono, na kwamba jina langu likitajwa anaondoka. Niliona ni haki yake.

Halafu ukafa, na mke wako Nyota akaja Lubondja kutuletea habari. Siku ile nilikulilia kwa kweli, hilo lazima nilikubali. Siku ya tatu aliniita nyuma ya nyumba. Mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Etabo, alinipa neno yako," alisema. "Alisema: mwambie mudogo wangu ile pistole mi nililima jino yake, niliikwaruza na tupa."

Sikuelewa mara moja. Nikamuuliza alisema nini tena.

"Alisema Muzungu alichoka na kifyatulio nzito. Alitaka kushinda wenzake kupiga mikebe. We ulikuwa kwa uzazi ya bibi yako. Wilondja akalima jino mpaka ikakuwa laini kabisa. Alipoijaribu, mara mbili ililia kidole ikiwa inarudi. Akamwambia Muzungu. Muzungu akasema iache vile vile, akamukataza kusema. Baada ya ile mambo ya Baraka, akarudisha jino ingine mpya kabla ya kuipeleka kwa biro."

"Juu ya nini hakuniambia mi?"

Nyota aliachia ncha ya kitenge. "Aliogopa kupoteza kazi yake. Halafu aliogopa we."

Bwana Miwani alimaliza muda wake akarudi kwao. Simsamehe, lakini yeye hakuwahi kula nami sahani moja. Hakuwahi kuweka kidole chake juu ya changu. Uliijaribu, yaya. Ulijua kwa mkono wako kwamba inalia mtu anapofanya sawasawa yale uliyonifundisha. Anayeachia ovyo hana tofauti na anayerudisha polepole, wote ingewalilia, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikisikiliza ile tik yako. Neno moja tu lilitosha siku ile uliponikabidhi kitambaa. Ungesema, "Etabo, iogope hii." Hata sababu nisingeuliza.

Kesho yake nilikwenda Baraka. Alimasi alikuwa kwenye kibaraza chake, anashona kola ya shati, gongo lake la kutembelea limeegemea ukuta. Aliponiona hakuondoka, pengine hakuona sababu ya kuhangaika kusimama. Nilimwambia yote bila kuketi. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Hii habari naijua," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Niliona. Mi nilikuwa chini, mbele ya mukono yako. Kidole yako ilikuwa inarudi mbele wakati ililia. Haikukuwa inabana. Nilimwambia kalani wa biro, ile siku alikuja kuandika maneno yangu pale kwa kitanda ya hospitali. Akasema nijibu tu kile ananiuliza. Wilondja alikuwa anasimama kwa mulango, amemubebea kalani ile pistole kwa kitambaa. Alisikia. Aliangalia chini tu."

Hapo ndipo nilipoketi, yaya. Kwenye sakafu, kama mzigo.

"Na juu ya nini umenikimbia miaka yote hii?" nilimuuliza.

Alinigeukia, na hasira yake niliiona ilikuwa mbichi kuliko yangu. "Mi niko bila mguu, siku ya tano, homa imenishika, na ninakutetea. Kalani anarudi kuniambia: we ni muntu wa uongo, mwenyewe amekubali ni kidole yake. We ulinifanya muongo, Etabo. Nilikuwa na neno moja ya kusema kwa ajili yako, na ukaikatalia mbele ya Bazungu."

Nilimwambia nilikubali kwa sababu wewe ulinifundisha kwamba haiwezi kulia yenyewe. Alifikiri, halafu akasema, "Basi alituua wote wawili," akaniomba nimsogezee mkasi. Nilikaa naye mpaka alipofunga kazi. Tulisema machache. Nilipoondoka aliniuliza jina la mtoto wangu, akapima urefu wake kwa mkono wake hewani ili amshonee kaptula, nami nikamwambia ainue mkono zaidi.

Juzi tumeondoa matanga yako. Mhubiri alisema ulikuwa mtu wa kazi safi. Baba mdogo akaniita nisimame niseme neno la ndugu. Nyota aliniangalia akitikisa kichwa, na nilimwonea huruma, lakini nilisimama. Nilisema kila kitu: jino, tupa, kitambaa, mlango wa hospitali. Baba mdogo aliniambia niketi. Sikuketi mpaka nilipotaja jina la Alimasi na kusema kwamba alisema kweli tangu siku ya tano. Watu wengine waliondoka. Watoto wako hawakunitazama.

Mama alingoja mpaka watu walipotawanyika. Akaja akasimama karibu nami, mdogo kuliko nilivyozoea kumwona.

"Ulingoja akufe," alisema.

"Ni yeye aliyengoja, mama."

Alikaa chini. Hakunipinga wala hakunibariki. Leo asubuhi amefunga kanga yake ya safari, ameshika njia ya Baraka kwa miguu, na alipoulizwa anakwenda kwa nani alisema anakwenda kwa Alimasi. Alikataa kusindikizwa.

Nikiwa peke yangu bado nausikia uzito wa kidole chako juu ya changu, nao unanikasirisha zaidi ya viboko vyote vya Uvira, kwa kuwa najua ulinipenda. Ungekuwa mtu mbaya ningekuwa nimeshakusahau. Wanao nitawalea kama wangu, usiwe na shaka juu ya hilo. Lakini wakiniuliza habari zako nitawaambia zote, za uwanja wa Fizi na za mlango wa hospitali, na sitachagua.

Kaa huko uliko. Machozi yangu uliyapata siku ya kwanza, hayakuongezeka.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Etabo