Mzizi wa Bereztem na Figo za Hniya

Zhor mwenzangu, dada yangu Hniya amenyimwa kemo ya saratani leo. Alishakaa kitini, mkono wa gauni ameukunja tayari, daktari akaja na majibu ya damu akasema leo hakuna dripu. Figo zinaharibika.

Akamuuliza, "Hajja, nyumbani unakula nini zaidi ya dawa zangu?"

"Asali tu, binti yangu."

"Asali na nini?"

Akajibu bila kupepesa macho, "Na mzizi wa bereztem uliosagwa. Dawa yako inapiga ugonjwa, yangu inanitia nguvu. Nimezifungisha ndoa."

Nimezifungisha ndoa, Zhor. Ndivyo alivyosema. Wagonjwa wenzake wakacheka. Daktari hakucheka.

"Mzizi huo ni sumu ya figo, Hajja. Uvimbe ulikuwa unapungua. Kemo ilikuwa inafanya kazi. Ukiendelea kuula, sitaweza kukupa tena."

Mimi nilishika mkoba wake tu. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi, katikati nikasahau inavyoendelea. Mimi ninayeijua kwa moyo, Zhor.

Ndani ya teksi Hniya akanigusa goti, anatabasamu. "Umemsikia? Ulikuwa unapungua, kasema mwenyewe. Basi mzizi unafanya kazi. Kuanzia leo vijiko viwili."

Nikamwambia ni kemo iliyopunguza.

"Wewe nawe, umekuwa daktari lini?"

Tumeshafika nyumbani. Alipokuwa anavua viatu, niliimwaga chooni chupa yote ya asali na mzizi. Sasa yuko jikoni, anafungua kabati moja baada ya jingine, ananiita kwa jina.

Nimekaa kwenye mswala wa kuswalia. Bado sijamwitikia.